Mwalimu wa Vikonyo

Kazi ya bustani husifiwa kwa maneno mepesi mno. Husemwa ni ya wastaafu, ya kupumzisha akili, ya kupitishia jioni. Aliyewahi kumtazama Mwalimu akibebesha mche wa parachichi nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko wa Karatu unaotazama msitu wa Ngorongoro, hawezi kuridhika na sifa hizo. Ule ni ufundi kamili. Una kanuni zake, una zana zake, na una makosa ambayo mmea hausamehe. Na mtu aliyeumudu kuliko wote niliowahi kuwajua alijifunza sehemu kubwa ya ufundi huo akiwa safarini, mbali na jembe lake.

Karatu hakuna aliyemwita kwa jina. Wazee wenzake walimwita Mwalimu, mkewe alimwita Mwalimu mbele ya wageni, na watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu walimwamkia "Shikamoo Mwalimu" kutoka nje ya uzio, naye akawaitikia "Marahaba" bila kuinua kichwa kutoka kwenye viriba vya miche. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa wa kizazi cha walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 liliitaka nchi ifikie elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku tayari wameshika chaki, wakapangiwa vituo ambavyo hawakuwahi hata kuvisikia. Kwa kijana aliyekulia kwenye kijiji kimoja, barua ya kupangiwa kituo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza. Tunasahau kwamba kabla watalii hawajawa wengi, walioizunguka nchi hii pembe zote walikuwa watumishi: walimu, mabwana shamba, wauguzi, makarani wa posta. Walisafiri kwa malori na mabasi, wakakaa, wakajifunza lugha za wenyeji, wakaondoka na mbegu mfukoni.

Yeye alipangiwa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa Endulen. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa 1967, ilitaka kila shule iwe na shamba. Ndani ya hifadhi, kilimo kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1975. Basi mtoto wa mkulima, aliyekulia kati ya matuta, akajikuta mahali ambapo kupanda hata tuta moja la mchicha ni kosa. Marufuku hiyo ililegezwa 1992, ikarudishwa 2009, na mabishano kuhusu nani aishi humo na kwa kufanya nini hayajaisha hadi leo. Waliobeba uzito wake ni wafugaji wenyewe. Mwalimu alikunywa maziwa ya watu hao kwa miaka, na sikumsikia hata mara moja akilizungumza jambo lao kijuujuu.

Kwa ufundi wake, hata hivyo, miaka ile ya kutolima ndiyo iliyomjenga. Asiyeruhusiwa kupanda hubaki na macho. Alitembea na wanafunzi wake, na wazee waliokuwa wakichunga, akiuliza kila mmea unaota wapi, unapenda kivuli cha mti gani, unachomoza baada ya mvua ipi. Alionyeshwa oloirien, mzeituni mwitu, ambao kijinga chake husafishia vibuyu na kuyapa maziwa harufu ya moshi. Alionyeshwa oldupai, mkonge mwitu ulioota kwa wingi kwenye lile korongo ambamo Mary Leakey alipata fuvu la kale mwaka 1959. Alikwenda kwa miguu hadi Laetoli, ambako mwaka 1978 kundi la mama huyohuyo lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshika konzi ya udongo wa Karatu, aliniambia kwamba milima ileile iliyomwaga majivu ndiyo inayotulisha. Kwake nyayo zile na tuta la karoti vilikuwa somo moja.

Alipohamishiwa Karatu ndipo nilipoketi mbele yake. Katika shule nyingi za wakati ule jembe lilikuwa adhabu: mchelewaji analima, mpiga kelele analima. Mwalimu alimwacha mchelewaji darasani anakili, wengine akawachukua bustanini. Haikupita muda mrefu wachelewaji wakaadimika. Bustanini tulijifunza hesabu kwa kamba na vigingi, na jiografia kwa mboga. Mahindi, maharage na viazi mviringo asili yake Amerika, mbaazi India, migomba Asia ya kusini mashariki, kahawa misitu ya Uhabeshi. Mnavu na ngogwe, alisema kwa fahari isiyofichika, ni vya Afrika. Bakuli la makande la mtoto wa Karatu lilikuwa limekwisha kuvuka bahari kabla ya kufika mdomoni. Sijui somo jingine la shule ya msingi lililonikaa hivyo.

Alistaafu akiwa na miaka 60. Kiinua mgongo chake kilinunua mambo ambayo majirani waliyaona ya ajabu: tangi la maji, visu viwili vizuri vya kubebeshea, na nauli. Kipande chake cha ardhi kilikuwa juu ya mji, udongo mwekundu, mteremko wa kutosha kumwogofya mtu anayejua mvua za masika zinaweza kufanya nini. Nyanda za Karatu zina makorongo yanayotisha, mengi yamechimbwa na maji katika mashamba yaliyolimwa kwa kufuata mteremko. Wairaqw wa Mama Isara, kule Mbulu, walikwisha kulijua hilo zamani. Walilima milima mikali vizazi na vizazi kwa matuta ya kukinga maji, kwa kuzika nyasi ardhini na kwa kubeba samadi hadi shambani kila mwaka. Watu wao waliposhuka kuja kulima nyanda za Karatu, ardhi ilikuwa tele na trekta likafika, na sehemu kubwa ya maarifa hayo ikaachwa nyuma. Mwalimu alipanda basi akaenda kuyafuata. Alikaa na wazee, akapima upana wa matuta kwa rula ya shule, akarudi akachimba makinga maji yake mwenyewe kabla hajaotesha chochote.

Vilevile alitaka kujua maji yake yanatoka wapi, akaenda kuyatafuta kwa miguu na kwa gari. Upande wa juu ni Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, unaofunika miteremko ya nje ya milima ya Ngorongoro hadi karibu na Oldeani. Upepo wa mashariki unapoupiga mteremko huo huleta ukungu, na ukungu unanaswa na majani, na ndevu zinazoning'inia kwenye matawi, na kuvumwani, kisha unadondoka. Wageni wanaofika ukingoni mwa kreta asubuhi, kwenye mita zipatazo 2,300, hulalamika kwamba ukungu umewazuia kuona wanyama chini. Mwalimu alikuwa akisema kwamba ukungu ndio wangekuja kuuona. Maji hayo huzama ndani ya miamba ya volkano na kutokea mbali. Hutokea kwenye chemchemi zinazonywesha Karatu. Hutokea Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, mahali pakavu ambapo kwa mifereji ya chemchemi wakulima wanavuna vitunguu vinavyouzwa hadi Kenya. Hutokea chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yakaukuza ule msitu mrefu wa Manyara ambao ungekauka kama ungetegemea mvua peke yake.

Alikwenda kote huko. Alitoka kwenye ukungu hadi kwenye vumbi la Eyasi akifuata maji yaleyale, na aliporudi alijua kwamba ndoo anayoimwaga kwenye kabichi Karatu ina wenyewe wengine upande wa chini. Tangu hapo alimwagilia jioni tu, karibu na shina, na juu ya kila tuta akalaza matandazo mazito ya mabua. Nimeona wataalamu wakiandika mengi kuhusu uhifadhi wa vyanzo vya maji. Sijaona aliyeutekeleza kwa mkono kuliko yeye.

Ufundi aliousifu kuliko wote ulikuwa wa kubebesha. Mbegu ya parachichi haizai mfano wa mama yake. Ukipanda kokwa la tunda tamu unaweza kupata mti wa matunda ya nyuzi baada ya kungoja miaka mingi. Ndiyo maana mkulima huotesha kokwa la kienyeji ili apate shina, kisha juu yake akaweka kikonyo cha mti anaoujua. Mwalimu alikata vikonyo asubuhi, jua halijawa kali, vyenye unene wa penseli na macho yaliyovimba lakini hayajafunguka. Aliviondoa majani, akavifunga kwenye kitambaa kibichi. Shina alilikata kichwa, akalipasua katikati kidogo. Kisha kikonyo akakichonga pande mbili kiwe kabari, kwa mkato mmoja kila upande, kisu kikitembea kwa utulivu uleule aliokuwa nao mkono wake ukiwa na chaki ubaoni. Hakurudia mkato. Mkato unaorudiwa huacha mawimbi, na mawimbi huacha nafasi, na nafasi huingiza hewa na ukungu wa kuozesha.

Hapo ndipo alipokuwa akimwita mtu asogee aone. Chini ya gome kuna utando mwembamba wa kijani, na uhai wote wa kazi hiyo umo humo. Utando wa kikonyo usipokutana na utando wa shina, walau upande mmoja, hakuna kinachoungana hata ukifunga kwa chuma. Alikisukuma kikonyo taratibu, akakisogeza pembeni kidogo hadi kijani kikagusa kijani, akakaza kwa ukanda wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, akavika mfuko mdogo wa plastiki kuhifadhi unyevu, akauweka mche kivulini. Baada ya wiki tatu au nne macho hufunguka. Miche iliyomfia aliichambua mmoja mmoja, akaandika sababu kwenye daftari lilelile alimoandika mvua.

Aina aliyobebesha zaidi ilikuwa Hass, kwa sababu soko linaitaka, na historia yake aliipenda kupita kiasi. Miaka ya 1920, mpeleka barua mmoja wa California, Rudolph Hass, alipanda kokwa ambalo mti wake haukukubali kubebeshwa aina nyingine. Alitaka kuukata, akashauriwa auache. Mwaka 1935 akaupatia hataza. Mti ule ulikuja kuugua mizizi, ukakatwa mwaka 2002, lakini kila mparachichi wa Hass ulioko duniani, wa Meksiko, wa Njombe, wa Karatu, umetokana nao kwa vikonyo vilivyopita mkono hadi mkono. Mwalimu alikuwa akikata kikonyo na kusema kwamba kipande hiki cha mti kimesafiri kuliko yeye, na hakijawahi kukata tiketi.

Naye alisafiri sana kwa mtu wa pensheni ya mwalimu. Alipenda basi la Musoma linalopita ukingoni mwa kreta na kukatiza Serengeti, kwa sababu kwa nauli ya kawaida abiria anaziona nyika ambazo wengine wanazilipia maelfu ya dola. Kwa basi hilo alifika Butiama. Alitaka kuona shamba la mwalimu mwingine, aliyefundisha Tabora na Pugu, akaongoza nchi, na mwaka 1985 akaachia urais na kurudi kijijini kwake kulima. Aliporudi hakusema mengi kuhusu siasa. Alisema mtama wa kule umestahimili ukame. Alitembelea pia vihamba vya Wachaga na mifereji yao ya kale, na mashamba ya kahawa ya Karatu yenye bustani za maua, likiwemo lile la Gibb, ambalo tangu 1972 hupokea wageni. Huko aliwatafuta watunza bustani wenyewe, akaongea nao kuhusu mboji.

Safari iliyombadilisha ilikuwa ya Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakaleta miti kutoka kila upande wa dunia waijaribu. Kwenye milima hiyohiyo ya Usambara ndiko Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alikochukua mwaka 1892 ua dogo la zambarau akalipeleka kwao, na leo linakaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani ilhali ndugu zake wa mwituni wanapungukiwa na msitu. Mwalimu alilitafuta hadi akaliona likiwa kwenye mwamba wenye kivuli, akachuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Hakulichuma. Kilichomsumbua kilikuwa upande wa pili wa habari hiyo, yaani miti iliyoletwa Amani ikatoroka. Msizi, mti unaokua haraka kutoka upande wa Ziwa Victoria, ulipandwa kwa nia njema, na ndege wakabeba mbegu zake, ukaingia msituni na kushika nafasi za miti ya asili.

Kabla ya hapo, mfukoni mwake hakukosekana mbegu aliyoiokota njiani. Baada ya Amani alijiwekea sheria. Kitu cha kupanda alikichukua kwa mwenye shamba, kwa jina lake na kwa habari zake, na hakuwahi kuingiza chochote Ngorongoro. Wakati huo gugu karoti lilikuwa limeonekana Arusha tangu 2010, likitembea barabarani na tope la magari. Ng'ombe akilila maziwa huharibika ladha, mtu akilishika ngozi huwasha, na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo sana. Kila alipojiandaa kwenda juu, Mwalimu alikaa kwenye kigoda mlangoni na brashi ya viatu na njiti. Alichokoa tope kwenye nyayo, akakunjua pindo za suruali, akazikung'uta juu ya gazeti, akalikunja gazeti na kulitia motoni. Vijana wa magari ya watalii walimcheka mwanzoni. Baadaye niliwaona wawili wakiosha matairi yao vizuri kabla ya kupanda kilima, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake.

Naamini hapo ndipo ulipokuwa ukuu wa ufundi wake, na ndiyo sababu naandika. Kupanda, wengi tunaweza. Kusafiri pia. Mwalimu alijua kipi cha kubeba na kipi cha kuacha kilipo, na aliyajua hayo kwa sababu alikuwa amekwenda akaona matokeo. Hata udongo wa kujazia viriba, ambao wengi huenda kuuzoa msituni kwa kuwa ni mweusi na mwepesi, aliutengeneza mwenyewe kwa mboji na samadi iliyooza. Alisema msitu umeshampa maji, asiuombe na kitanda.

Alifariki akiwa na miche kivulini ambayo nailoni zake zilikuwa hazijafunguliwa. Mjukuu wake wa kike ndiye aliyezifungua. Sasa ndiye mwenye kitalu, na si mtu wa kuiga tu. Ameanza kukusanya kokwa za maparachichi ya kienyeji kutoka Rhotia hadi Endabash, za miti mikongwe iliyostahimili ukame na maradhi ya mizizi, kwa sababu anaona hatari ya wilaya nzima kusimama juu ya vikonyo vya mti mmoja. Babu yake hakuwa amefika huko, na kwenye daftari, chini ya mwandiko wa Mwalimu, ameanza ukurasa wake wa mashina.

Siku za mnada hupanga miche kando ya barabara na wanunuzi ni wengi. Kabla ya kutaja bei humuuliza kila mmoja anakwenda kuupanda wapi, na maji yake yanatoka wapi. Juzi mzee mmoja mwenye haraka alijibu kwamba yanatoka bombani. Binti akamwambia kwa adabu, "Shikamoo babu, nenda kwanza ukaulize bomba linatoka wapi, mche wako nitakuwekea," akaufunga utepe, akaandika jina la mzee kwenye kiriba, akamgeukia mteja aliyefuata.